Damu imepimwa, sindano bado ipo

Miaka michache iliyopita, mjamzito wa Dar es Salaam au Nairobi aliyetaka kujua kwa uhakika kama mtoto aliye tumboni ana Down sindromu alikuwa na njia moja iliyozoeleka: sindano ndefu ipite kwenye ngozi ya tumbo, iingie kwenye mji wa mimba na kuvuta maji ya chupa ya uzazi. Leo mwenye fedha anakunja mkono wa blauzi, anatolewa damu chupa moja au mbili, sampuli inapanda ndege kwenda maabara ya nje, na baada ya siku kadhaa majibu yanaingia kwenye simu yake kama faili la WhatsApp. Wanaokinadi kipimo hiki hupenda kusema mambo mawili: hakina hatari kwa mtoto, na usahihi wake unapita asilimia 99. La kwanza ni kweli. La pili nalo ni kweli, ila kwa namna ambayo karibu kila anayelisikia analielewa vibaya, na kutokana na kutoelewa huko watu wameanza kusema kwamba enzi ya sindano ya tumbo imekwisha.

Haijaisha. Kipimo cha damu kimeihamisha tu. Zamani mwanamke aliamua kuchomwa au kutochomwa akiwa ametulia. Sasa anaamua akiwa ameshika karatasi inayosema mwanawe yuko kwenye hatari kubwa. Hoja yangu ni kwamba uamuzi wa sindano ufanywe kabla damu haijatolewa, na ufanywe kwa swali ambalo wala halihusu ukali wa sindano: nikishajua, ni kitu gani hasa kitabadilika, na je, kalenda itaniruhusu kukibadilisha? Asiye na jibu la swali hilo, sindano haitamsaidia, na mara nyingi hata hicho kipimo cha damu kitamwachia usiku wa kukesha tu. Mwenye jibu, sindano inaweza kuwa jambo la busara kuliko anavyotishwa na majirani.

Tuanze na hiyo asilimia 99. Mwaka 1997, Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba ndani ya damu ya mjamzito huelea vipande vidogo vya vinasaba ambavyo si vyake, na ugunduzi huo ndio uliozaa biashara hii iliyoanza kuuzwa mwaka 2011. Jambo ambalo matangazo hayalitaji ni kwamba vipande hivyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma. Kondo na mtoto wametokana na yai moja, lakini kuna nyakati kondo huwa na chembe zenye kromosomu, yaani kifurushi cha vinasaba, iliyozidi, na kuzidi huko ndiko kunakoleta Down sindromu, ilhali mtoto hana. Hapo mashine haijakosea hata kidogo. Imesoma ilichopewa, na ilichopewa ni kondo. Sasa chukua wanawake 10,000 wenye miaka 25. Kwa umri huo, takriban mimba moja kati ya 1,000 ina Down sindromu, kwa hiyo watoto hao ni 10, na kipimo kizuri kitawanasa karibu wote. Kipimo hichohicho kikikosea mara moja tu katika kila wanawake 1,000 wasio na tatizo, kitawatisha wanawake wengine 10 bure. Karatasi 20 za hatari kubwa, nusu ni kweli na nusu si kweli. Wape kipimo hichohicho wanawake 10,000 wenye miaka 40, ambao kwao ni mtoto mmoja katika kila 100, na karatasi tisa kati ya kumi zitakuwa za kweli. Mashine ni ileile, damu imepita njia ileile, lakini maana ya karatasi imegeuka kwa sababu ya umri wa mama. Kwa kasoro zilizo adimu kuliko Down sindromu, hesabu huwa mbaya zaidi, ndiyo maana Aprili 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya watu walikuwa wakifanya maamuzi makubwa, hata kutoa mimba, kwa kutegemea kipimo hiki peke yake bila uthibitisho.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kuhangaika kulielewa hili, maana tumelifundishwa kwa miaka mingi kupitia VVU. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kituo cha ushauri nasaha anajua kwamba kipimo cha kwanza cha kitone cha damu kikionyesha mistari miwili, hakuna anayekwambia kwamba umeambukizwa. Unapimwa tena kwa kipimo kingine. Kipimo cha kwanza ni cha kuchuja. Cha pili ni cha kuthibitisha. Damu ya mjamzito inayokwenda ng'ambo ni ile ya kuchuja. Huduma ya afya ya Uingereza ilipokiingiza mwaka 2021 ilikiweka hapohapo, hatua ya kati, baada ya utrasaundi na damu za kawaida na kabla ya sindano. Anayethibitisha bado ni sindano.

Na sindano yenyewe ni nini? Zipo za aina mbili. Moja huchota kipande kidogo cha kondo kati ya wiki ya 11 na ya 14. Nyingine, ambayo wengi wanaifahamu, huvuta maji ya chupa kuanzia wiki ya 15, na hairuhusiwi kuwahi zaidi ya hapo kwa sababu utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwahi huongeza mimba zinazoharibika na watoto wanaozaliwa na miguu iliyopinda. Mama analala chali, tumbo linapakwa dawa, daktari anaangalia kioo cha utrasaundi huku mkono mwingine ukishusha sindano nyembamba kwenye dimbwi la maji lililo mbali na mtoto. Mara nyingi hakuna ganzi. Yanatoka maji ya manjano hafifu, kiasi cha vijiko vinne vya chai, na shughuli yote haizidi muda wa kuchemsha chai hiyo. Ndani ya maji hayo mna chembe zilizobanduka kwenye ngozi na kibofu cha mtoto mwenyewe, na hapo ndipo uzito wake ulipo: sindano hii inamsoma mtoto, wakati damu ya mama, na hata ile sindano ya kwanza, vinasoma kondo.

Hoja inayotajwa kwanza kuipinga ni kwamba inatoa mimba. Takwimu ya mtoto mmoja katika kila 100, ambayo bado inarudiwa, chimbuko lake ni utafiti wa Denmark wa mwaka 1986 uliowahusisha wanawake zaidi ya 4,600. Ulikuwa utafiti mzuri, ila una miaka karibu arobaini, na vioo vya utrasaundi vya wakati ule si vya leo. Chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza sasa kinakadiria kwamba hatari inayoongezwa na sindano iko chini ya asilimia 0.5, na uchambuzi mwingine unaishusha zaidi ya hapo. Lakini sentensi hiyo ina mkia ambao sisi hatuwezi kuukata: kwa daktari aliyezoea. Miongozo ya Uingereza imewahi kutaja sindano 30 kwa mwaka kuwa kiwango cha chini cha kubaki na mkono mwepesi. Kwetu, ambako wanaoomba ni wachache, swali la kwanza la mjamzito kwa daktari liwe hilohilo, bila aibu: mwaka huu umechoma wangapi? Swali la pili ni la kundi la damu. Mwenye damu hasi (Rh hasi) anapaswa kuchomwa kinga ya anti-D baada ya sindano, asije akatengeneza silaha dhidi ya mtoto huyu au wa baadaye. Na anayeishi na VVU hanyimwi kipimo, ila kwanza ahakikishe dawa zimevishusha virusi mpaka havionekani. Kwa hiyo hatari ipo, inapimika, na kwa sehemu kubwa inategemea mkono wa anayechoma. Sioni kama ndiyo hoja ya kumaliza mjadala.

Hoja nzito zaidi inasemwa na watu wenye imani, Waislamu kwa Wakristo, na pia na watu wasio na habari na dini: kama huna nia ya kutoa mimba, unapima ili iweje? Inasikika kama hoja isiyojibika. Kwa upande wa sheria ina nguvu kweli. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaharamisha utoaji mimba katika vifungu vya 150 hadi 152, na kinga iliyopo katika kifungu cha 230 ni ya daktari anayefanya upasuaji kuokoa uhai wa mama. Ulemavu wa mtoto haumo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26, inaruhusu pale uhai au afya ya mama iko hatarini au panapohitajika matibabu ya dharura, na ukimya wake juu ya hali ya mtoto unaachia kila kitu tafsiri ya mtaalamu. Rwanda ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika majirani zetu: sheria yake ya mwaka 2018 inataja pia afya ya kijusi. Kwa hiyo mwanamke wa Mwanza anayesoma mtandaoni ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mwanamke wa London anasoma ramani ya mji mwingine. Kule sindano inafungua mlango wa kuchagua. Hapa mlango huo kisheria umefungwa, na anayeupenya anaupenya uchochoroni, pasipo usalama.

Hata hivyo hoja hiyo inakosea pale inapodhani kwamba kujua kuna kazi moja tu. Chukua kasoro ya kromosomu ya 18, ile inayoitwa Edwards. Wengi wa watoto hawa hufia tumboni, na wanaozaliwa hai, walio wengi hawafiki siku ya kutimiza mwaka. Sasa fikiria leba ya hospitali yoyote ya wilaya saa nane usiku. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Mkunga anamwamsha daktari, daktari anaamua kisu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo inavyopaswa kwa mtoto ambaye hajui habari zake. Mtoto anatolewa, anapumua kwa shida, anaondoka siku ya pili. Mama anabaki na kovu kwenye mji wa mimba. Mimba inayofuata ina hatari ya kupasuka kwa kovu hilo, na kama anaishi mbali na chumba cha upasuaji, hatari hiyo ni ya maisha yake mwenyewe. Kisu hicho hakikumwokoa yeyote. Kama majibu ya sindano yangekuwa kwenye faili lake, mazungumzo yangefanyika mapema, mchana, akiwa na mumewe na pengine mama yake mzazi: tukifika hapo tusipasue, tumpokee mtoto, tumfunike, tukae naye. Katika mazungumzo hayo hakuna aliyetoa mimba. Na hapa damu peke yake haitoshi, kwa sababu hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemnyima mtoto upasuaji wa dharura kwa kutegemea karatasi ambayo huenda imesoma kondo. Kwa utrasaundi iliyoonyesha kasoro nyingi kwa pamoja, ngumi zilizokunjwa, moyo wenye kasoro, mtoto asiyekua, mimi nasema sindano ina kazi yake hata kwa mwanamke asiyekubali kutoa mimba chini ya hali yoyote. Tena huenda ina kazi kubwa zaidi kwake kuliko kwa mwingine.

Kwa upande mwingine, zipo hali ambazo watu huidhania sindano kuwa muhimu na kumbe haina cha kuongeza. Selimundu ni mfano wa karibu zaidi nasi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani; makadirio ya kawaida ni zaidi ya 11,000 kila mwaka. Wazazi wawili wenye vinasaba vya AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba, na tangu mwaka 1978 imejulikana kwamba vinasaba vya selimundu vinaweza kusomwa kwenye maji ya chupa. Kwa wanandoa walio tayari na wanaoruhusiwa kutoendelea na mimba, sindano ina maana. Kwa wengine wote, mtoto akichomwa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa atatoa jibu lilelile bila kuhatarisha chochote, na bado kuna muda wa kutosha kumwanzishia penisilini na baadaye haidroksiyurea. Ningekuwa na fedha za kugawa, ningezipeleka kwenye kisigino kwanza. Mgongo wazi na kichwa kikubwa nao huonekana kwenye utrasaundi yenye macho mazuri; havihitaji kromosomu ili vionekane.

Hoja ya kumjaribu Mungu nitaipitia haraka kwa sababu kusema kweli ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayeitoa ni mtu yuleyule aliyekwenda kliniki kupimwa presha, wingi wa damu na kaswende, na akameza vidonge vya madini ya chuma. Hakuna dini kati ya zetu iliyokataza kutazama. Katika Uislamu mjadala uko kwenye kinachofuata, na wanazuoni wameufanya kwa umakini ambao wasemaji wetu wa vijiweni hawaupi heshima. Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, lilipokutana Makka mwaka 1990, liliruhusu mimba yenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa usiotibika isiendelee, kwa uthibitisho wa kamati ya madaktari na kwa ombi la wazazi, mradi siku 120 hazijatimia. Baada ya hapo ni kwa kuokoa uhai wa mama tu. Si wanazuoni wote wanaokubaliana na hilo, na sheria ya nchi ina lake, lakini hebu tuihesabu hiyo kalenda, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Siku 120 zinahesabiwa tangu mimba kutunga. Kadi ya kliniki inahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku 120 za fiqhi ni kama wiki ya 19 ya kadi. Sindano ya maji inaanza wiki ya 15, mara nyingi ya 16, na kuotesha chembe mpaka zisomeke huchukua wiki mbili hadi tatu. Mjamzito wa Mombasa au Unguja anayetaka ushauri wa sheikh wake uwe na maana anatakiwa awe amekwisha kuamua juu ya sindano kabla hata tumbo halijaonekana vizuri.

Ipo hoja ya nne, nayo inanisumbua zaidi kuliko nilivyotarajia. Watetezi wa watu wenye ulemavu wanasema kila kipimo cha namna hii ni hukumu juu ya walio hai. Wana ushahidi: Denmark ilipoanza kumpa kila mjamzito uchunguzi wa mapema mwaka 2004, idadi ya watoto wanaozaliwa na Down sindromu ilishuka sana na haijarudi. Kule mtoto huyu akizaliwa anakuta shule, posho, daktari wa moyo na miaka inayoweza kufika sitini. Kwetu akizaliwa anakuta nini? Mara nyingi chumba cha uani na bibi anayempenda. Nikiangalia hivyo, naona woga wa mjamzito wa hapa hautokani na kuchukia ulemavu; anajua atabaki peke yake. Karibu nusu ya watoto wenye Down sindromu huzaliwa na kasoro ya moyo, na sasa upasuaji wa mioyo ya watoto unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kwa familia ya aina hiyo, habari yenye thamani kubwa kuliko idadi ya kromosomu ni hali ya moyo. Na moyo unatazamwa kwa utrasaundi.

Kinachokosekana basi si mashine. Tulipoanza kupima VVU tulijenga utaratibu wa nasaha kabla na baada, tukaajiri washauri, tukawafundisha wauguzi maneno ya kutumia. Kipimo hiki kimeingia sokoni bila hata meza ya mshauri: anayekupokea ni karani wa malipo, anayekusomea majibu ni simu yako. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linataka kila mjamzito apate angalau utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ningependa dakika kumi za mazungumzo zitangulie hapo, kwa Kiswahili, na maabara yoyote inayochukua damu hiyo ilazimike kujaza kwenye fomu wiki ya mimba na jibu la mama kwa swali la nini kitabadilika. Akisema hakuna, aambiwe abaki na fedha zake za kujifungulia. Wapo watakaoona huko ni kumwekea mwanamke mtu mzima kizuizi. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo, ndiyo maana nasema jibu liandikwe, lisitumike kumkatalia.

Binti wa mama yangu mdogo, mwalimu, miaka 38, alinitumia karatasi yake saa nne usiku. Kurasa nne, neno la hatari kubwa kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza. Mstari unaosema kipimo hiki lazima kithibitishwe ulikuwepo: ukurasa wa tatu, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. "Kaka, kwa hiyo nichome au nisichome?" Nikamuuliza yuko wiki ya ngapi. Alikuwa ameingia ya 22, kwa sababu alipouliza lini aje kutoa damu aliambiwa wakati wowote baada ya wiki ya 10. Tukakaa kwenye simu mpaka saa sita, na nusu ya muda huo tulikuwa tukihesabu tarehe kwenye kalenda ya ukutani kwake. Sindano hakuchoma. Alikwenda kwenye utrasaundi ya moyo wa mtoto, ikaonekana tundu katikati, akahamishia mipango ya kujifungua karibu na wapasuaji. Kromosomu zilipimwa baadaye, kwa damu ya mtoto mwenyewe, akiwa na siku tisa. Sasa ana miezi saba na anasubiri zamu yake ya upasuaji.